Dirisha la Maamkizi

Ipo nchi moja, msiniulize iko wapi, maana niliwahi kuulizwa na watu waliovaa vizuri nikasema sijui, wakaridhika, na mimi sipendi kumbadilishia mtu jibu alilokwisha kuridhika nalo. Ni nchi nzuri. Watu wake wana adabu ya kupindukia, hasa katika kuamkiana. Hata waliogombana wakikutana njiani husimama wakajuliana hali, na mtu wa kuzikwa kesho, ukimwuliza leo hujambo, atakwambia sijambo, namshukuru Mungu.

Adabu hiyo Serikali iliiona, ikaipenda, ikaitungia sheria. Ilikuwa hivi. Mtukufu Kiongozi alikuwa hajaonekana kwa miezi mitano, na maneno mjini yakawa mengi. Siku moja akatolewa kwenye redio. Mtangazaji akamwuliza hujambo, naye baada ya kimya kirefu na sauti ya kitu kama pampu akajibu, "Sijambo." Watu wawili watatu wakacheka. Wiki iliyofuata ikapitishwa Sheria ya Maamkizi, iliyosema kwamba jibu la salamu ni kiapo, kwamba aliyesema hajambo basi hajambo, na kwamba anayembishia ni mchochezi. Ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua ikaondolewa vitabuni, kwa kuwa ilionekana kumlenga mtu. Wananchi wakapiga makofi, na waliokuwa na homa wakapiga makofi wakiwa wamejifunika.

Katika chuo kikuu cha nchi hiyo alikuwapo msichana mmoja aitwaye Tunu, mwaka wa pili, akisomea hesabu. Tunu alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema hilo. Alikuwa na sababu zake. Mjomba wake, mtu mcheshi, aliwahi kunyanyua mkono katika mkutano wa kijiji akasema, "Mwenyekiti, nina jambo moja dogo la kuuliza." Hakuliuliza. Alichukuliwa pale pale, na miezi kumi na minne ilipita kabla ya kurudishwa. Siku hizi hukaa barazani, na kuku akipita mbele yake humwambia, sijambo, sijambo. Tangu hapo ukoo mzima wa Tunu haulitumii neno jambo, wanasema kitu, au wanaonyesha kwa kidole.

*

Tunu aliishi chumba kimoja bwenini na Mwanaheri, wa idara ya historia, msichana mpole aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo alimfunza kwamba mtoto mwenye adabu huitikia kwanza, akalia baadaye. Basi Jumanne asubuhi Mwanaheri hakuamka. Tumbo lilikuwa limemwanza tangu Jumatatu, pale kitovuni, na sasa lilikuwa limehamia upande wa kulia, chini, na alikuwa ametapika mara tatu kwenye ndoo ya kufulia. Alikuwa amejikunja kama mkeka, jasho linamtoka, na kila Tunu alipomgusa alisema si kitu, kitapoa.

Tunu akaogopa. Kwanza aliogopa ule ugonjwa. Halafu akaogopa kwamba itabidi waende zahanati ya chuo, na hakuwa amewahi kumsikia mtu aliyetibiwa huko. Alimfunga mwenzake kanga kiunoni, akampitisha mkono begani, wakaenda hatua kwa hatua kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka.

Zahanati ilikuwa safi kiasi kwamba mtu anaona haya kuingia na ugonjwa. Sakafu inang'aa. Ndani, kwa kioo, vilionekana vitanda ishirini vimetandikwa shuka ambazo mikunjo yake ya dukani ilikuwa bado haijanyooka. Ukutani palikuwa na kibao kikubwa: MASHARTI YA USTAHIKI. ATATIBIWA HAPA ALIYE (A) MWANAFUNZI WETU, (B) MGONJWA, (C) MWENYE ADABU. Chini ya kibao palikuwa na dirisha, na juu ya dirisha pameandikwa MAAMKIZI. Nyuma ya dirisha alikaa karani mtu mzima, Mzee Athanasi, mwenye mwandiko mzuri kuliko karani yeyote wa chuo kile na sauti ya upole kama ya baba wa ubatizo.

Tunu alikuwa bado anakisoma kibao. Kichwa chake cha hesabu kilikwisha kuanza kuona kuna kitu hakikai sawa kati ya (B) na (C), lakini Mwanaheri alikuwa amefika dirishani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanaheri, ameshika ukuta.

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo," alisema Mwanaheri. "Ila tumbo."

Mzee Athanasi alikuwa amekwisha kuandika. Daftari lake lilikuwa na safu ya jina, safu ya namba ya usajili na safu ya jibu, na safu ya jibu ilitosha neno moja. Ila haikuwa na safu. Alieleza kwa masikitiko kwamba safu ya ila iliombwa miaka miwili iliyopita, na kamati yake inakutana vizuri tu. Akagonga mhuri wa kijani, HAJAMBO, akaupuliza ukauke, akamwambia Mwanaheri akae kidogo kwenye benchi apumzike kabla ya kurudi darasani, maana anaonekana amechoka.

Tunu alilikimbilia dirisha. Aliomba mwenzake aulizwe tena. Mzee Athanasi akamwambia haiwezekani, jibu hudumu siku thelathini. Aliomba basi lifutwe. Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli, akamsimulia kisa cha kijana mmoja wa kemia, muhula uliopita, aliyefika hapo na homa, akaulizwa hujambo, akajibu kwamba hapana, anaumwa sana. Huyo alitimiza sharti la pili bila shaka yoyote. La tatu likamshinda, kwa sababu tangu lini mtu akaamkiwa akasema hapana? Walimpeleka Kitengo cha Malezi akajifunze kuitikia, kozi ya wiki mbili. Mzee Athanasi alisema kijana alifaulu vizuri sana, na walimzika na cheti chake.

Tunu aliuliza, kwa hiyo nani hutibiwa hapa?

"Mwanafunzi, mgonjwa, mwenye adabu," alisema Mzee Athanasi. "Nenda ukamwone Msimamizi wa Ustahiki, ghorofani. Wahi, binti. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

*

Msimamizi wa Ustahiki, Profesa Kilimba, alikuwa na ofisi yenye zulia na nishani nne ukutani, kila nishani na mwaka wake. Alifurahi kutembelewa. Alimkaribisha Tunu kiti, akasimama yeye, kwa kuwa alikuwa mtu ambaye hawezi kuzungumza na mtu mmoja bila kuona ukumbi umejaa nyuma yake.

"Binti, wewe ni msomi, tazama ukuta huu," alisema. "Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Vyuo vya nchi jirani vinatibu wanafunzi elfu kumi kwa mwaka, na havioni aibu kuwa na wagonjwa wengi kiasi hicho. Sisi tuna daktari, tuna vitanda, tuna dawa mpaka dari, na tangu niingie ofisi hii hajatokea hata mmoja wa kustahiki. Hiyo ndiyo afya, binti. Afya si kupona. Afya ni kutostahiki."

Tunu alisema mwenzake yuko chini kwenye benchi na anakufa. Profesa akamwuliza kama mwenzake huyo ndiye aliyesema hivyo. Tunu akasema hapana, yeye amesema hajambo, ila. Profesa akafumba macho kama mtu aliyesikia matusi ya nguoni. Alieleza kwa saburi kwamba maneno ya baada ya ila ni ya kienyeji, hayana hadhi ya kitaaluma. Cheti cha daktari kingesaidia, lakini daktari hawezi kumtazama asiyestahiki, kwa kuwa kutazama ni kupima, na kupima ni huduma.

Kisha alikwenda akaufunga mlango, akarudi, na kwa mara ya kwanza aliteremsha sauti.

"Lugha yetu haina njia ya tatu," alisema. "Mtu ama hajambo, ama ana jambo. Asiye na jambo ni wangu, namrudisha darasani. Mwenye jambo si wangu. Ni wa wale wa ng'ambo ya barabara. Mimi sijakutuma, na wewe hukufika hapa."

Tunu alishuka ngazi bila kuzisikia nyayo zake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Idara ya Mambo. Ndiko alikopelekwa mjomba wake.

*

Kwenye benchi Mwanaheri alikuwa ameacha kulalamika, na Tunu hakuupenda ukimya huo hata kidogo. Midomo imekauka, tumbo gumu kama ubao. Nyuma ya kioo, karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono akamgusa, alikaa daktari wa zamu, Daktari Ng'wandu. Alikuwa amewapa mgongo kabisa, uso ameuelekeza ukutani, na kitabu kikubwa kimefunguliwa magotini. Tunu alimgongea kioo. Hakugeuka. Akagonga tena. Daktari akaanza kusoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili aliyeambiwa asimame.

"Maumivu yakianzia kitovuni," alisoma, "kisha yakashuka upande wa kulia, na mgonjwa akatapika, na tumbo likakaza, huo ni ugonjwa wa kidole tumbo. Hukatwa. Kisipokatwa hupasuka." Akafunua ukurasa. "Kikipasuka, mgonjwa hana siku nyingi. Mimi najisomea tu."

Tunu alibandika uso kwenye kioo. Alinong'ona akauliza wapi wanakata.

Daktari Ng'wandu akafunua ukurasa mwingine. Shingo yake ilikuwa inatoka jasho.

"Idara ya Mambo ina chumba cha upasuaji," alisoma, ingawa macho yake hayakuwa kitabuni. "Kizuri kuliko vyote nchini. Mwenye jambo hawezi kuachwa afe, maana akifa anakufa na jambo lake. Hapo ndipo sura inapoishia."

Nitawaambieni ukweli, Tunu hakuinuka palepale kishujaa. Alikaa. Aliukumbuka uso wa mjomba wake na wale kuku. Alijiambia labda tumbo litapoa, watu hupata matumbo kila siku. Alijiambia labda bibi yake Mwanaheri anajua dawa. Alifikiri hata kuondoka, kwenda tu, akaoge, akalale, akaamkie siku nyingine, na wazo hilo lilikuwa tamu. Ndipo Mwanaheri akafungua macho akamwuliza, kwa adabu ile ile, kama amekwisha kunywa chai. Tunu akasimama na kuvuka barabara.

*

Huko hakuna foleni. Wananchi hawajui tu raha ya ofisi isiyo na foleni. Alipokewa na bwana mmoja wa makamo aliyevaa sweta la kufumwa, Bwana Nyoni, aliyemvutia kiti na kumpa maji ya kunywa. Hakumwamkia. Alieleza mwenyewe, akitabasamu, kwamba katika idara yao salamu huwa mwisho, mambo yakishakamilika. Tunu alishika bilauri kwa mikono miwili, asinywe.

Bwana Nyoni aliuliza anachokuja kusema. Tunu alifungua mdomo na neno halikutoka. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu alitamke. Bwana Nyoni alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja.

"Mwenzangu ana jambo," alisema Tunu.

Kalamu ikafunguliwa.

"Jambo gani?"

Tunu hakujua kudanganya, hata uwongo mdogo wa kumwambia mwalimu humpanda usoni. Basi alisema kweli. "Hajaniambia lote. Ameanza nalo tangu jana, amelificha ndani, na anazidi kulificha. Asipowahiwa leo atakufa nalo."

Sijapata kusikia, katika nchi ile, mtumishi wa umma aliyesimama haraka kama alivyosimama Bwana Nyoni. Alibonyeza kengele. Kabla Tunu hajameza mate, gari jeupe lilikuwa limevuka barabara, na vijana wanne wenye glovu walikuwa wanamnyanyua Mwanaheri benchini kwa uangalifu ambao mama yake mzazi asingeufikia. Mzee Athanasi alifunga dirisha. Mgongo wa Daktari Ng'wandu haukugeuka, lakini mabega yalishuka.

Ilibaki sahihi. Fomu ilisema kwamba mimi Tunu nashuhudia kuwa mwenzangu Mwanaheri ana jambo, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilisema kwamba iwapo mshukiwa ataonekana hana jambo, shahidi atakuwa amemzushia, na atakichukua kitanda chake ili kisibaki wazi. Tunu aliisoma mara mbili. Kisha akatia sahihi.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidole tumbo kilitolewa kikiwa kimebakisha saa chache, kikatiwa kwenye chupa, chupa ikabandikwa karatasi iliyoandikwa JAMBO, NAMBA MOJA, ikapelekwa kwa wataalamu wa kuchambua. Wataalamu walikaa nayo siku tatu. Waliimulika, waliitazama kwa darubini, inasemekana mmoja aliisogelea akaiuliza kwa ukali. Ripoti yao ilikuwa fupi: kielelezo hakikuzungumza. Kwa hiyo jambo lenyewe, ikaamuliwa, bado limo ndani ya msichana, au halikuwamo tangu mwanzo. Moja katika hayo mawili ni lazima.

Siku zote hizo Tunu alikuwa akiwangoja. Kila mlango uliogongwa bwenini ulikuwa wake. Jumamosi mchana wakaja kumchukua kweli, wakamwambia anahitajika kama shahidi. Akapelekwa mpaka chumba kimoja cheupe chenye kitanda kimoja, na kitandani hapo Mwanaheri amekaa, mito mgongoni, bakuli la uji mapajani limebaki nusu. Rangi ilikuwa imemrudi. Macho yalikuwa maangavu. Tunu alitaka kumkumbatia, akazuiwa na mkono wa sweta.

Bwana Nyoni alisema wanafunga jalada. Akasoma ile fomu yote kwa sauti ya kupendeza, tangu mimi Tunu mpaka yale maandishi madogo ya chini, na alipofika kwenye maneno "atakichukua kitanda chake" alikigonga kitanda kidogo kwa kalamu, ili pasiwe na asiyeelewa. Kisha akamgeukia Mwanaheri. Alieleza kwamba sheria ni rahisi. Akijibu kwamba hajambo, avae viatu vyake aende nyumbani sasa hivi, gari lipo mlangoni. Mengine yatakuwa ya huyu dada.

Tunu akashika ukuta. Sitamficha. Moyo wake ulikuwa na dua mbili kwa wakati mmoja, moja ya kumwombea mwenzake aende nyumbani, na nyingine ya kumwombea asiende, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Alijiona mtu mbaya, akaendelea kuiomba hivyo hivyo.

"Mwanaheri," alisema Bwana Nyoni, "hujambo?"

Na ni kweli Mwanaheri alikuwa hajambo. Pengine ndiye mtu pekee katika nchi nzima, mchana ule, ambaye angelisema neno hilo likawa kweli tupu. Tunu aliuona mdomo wake ukianza kulifinyanga wenyewe, kama ulivyofundishwa. Halafu ukafunga. Mwanaheri aliliweka bakuli la uji kwenye meza ya kando, polepole, kwa sababu ya mshono.

"Nina jambo," alisema.

Bwana Nyoni akafunua ukurasa mpya. "Lipi?"

"Nilikwenda dirishani nikaulizwa hali. Nikasema sijambo, ila. Andika hiyo ila kwanza, maana haikuandikwa. Halafu yuko kijana wa kemia, jina lake sikulisikia, mtalitafuta. Halafu vipo vitanda ishirini."

Akaendelea. Alisimulia kwa utaratibu, kama anavyosoma insha zake za historia, mwanzo mpaka mwisho, na sauti yake haikupanda. Daktari hakumtaja. Tunu alipita pembeni ya ule mkono wa sweta, akakaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wa mwenzake. Bwana Nyoni hakumkataza. Aliandika neno kwa neno, bila kukatisha, bila hata kukunja uso, akageuza ukurasa wa pili, akageuza wa tatu, na utulivu wake ndio uliomtisha Tunu kuliko yote aliyoyaona wiki ile.